Idi njema kwa wanafunzi wetu wa karate na wazazi wao

Assalamu alaikum.

Kwa niaba ya walimu wenzangu, nawatakieni Idi njema wanafunzi, wazazi, na majirani wanaotuvumilia kelele zetu kila jioni. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, awaponye wagonjwa, awarehemu waliotangulia, na mwakani atufikishe salama. Amin.

Mwaka umekuwa mzito. Mchele, sukari, nauli, vyote vimepanda. Gi, yaani sare za karate, nazo hazishikiki, na wapo ndugu wawili wanaovaa moja kwa zamu. Ada isimzuie mtoto kuja. Mzazi aniite pembeni, tutaelewana.

Na mwezi wa Shaaban tulimzika mwalimu wetu mkubwa. Mkanda wake mweusi ulikuwa umechakaa hadi pamba nyeupe ya ndani inaonekana, na kila tulipotaka kumchangia mpya alikataa. Mkanda mpya, akisema, ni wa mtu anayeanza, na magoti yake hayamruhusu tena kuanza. Futari ya kwanza bila simu yake ya kunitania, eti nimefunga au nimeshinda njaa tu, haikupita kooni.

Vijana wangu, leo viwanja vya sikukuu vitajaa. Atakayekukanyaga kiatu kipya, mpishe. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule wa Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alifundisha kwamba karate huanza kwa heshima na kuishia kwa heshima, na kwamba mwanakarate haanzi kupiga. Ndiyo maana Heian zote tano, ile mifuatano ya mapigo na kinga ya wanaoanza, zinaanza kwa kukinga. Na karne nyingi kabla yake, Mtume wetu (s.a.w.) ametuambia mwenye nguvu si anayewabwaga watu kwa mieleka, bali anayejimiliki anapoghadhibika. Mwezi mzima mkono umekiacha chakula cha halali kilicho mbele yake. Leo utashindwaje kumwacha mtu? Nanyi mnaorekodi mateke ya juu mkayatupia mtandaoni huku dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, haijafagiwa, mcheni Mungu, waheshimuni wazazi, shikeni ufagio.

Mazoezi yanarudi tarehe 4 Mfungo Mosi, saa kumi alasiri. Wanaofunga sita watafanya kihon tu, yaani mbinu za msingi; kumite, kupambana wawili wawili, wasiguse. Watoto wa mkanda mweupe, mkono wa Idi mnao kwangu, njooni baada ya adhuhuri.