Buku la wafanyakazi si la kukata mishahara tu

Karibu kila biashara ndogo tunayoingia hapa Lubumbashi ina buku la wafanyakazi. Ni kaye ya mistari iliyochoka jalada. Majina yako kushoto, tarehe ziko juu, na katikati kuna saa za kufika, msalaba kwa asiyekuja na duara la biki nyekundu kwa aliyechelewa. Siku ya kulipa ikifika buku linafunguliwa, misalaba inahesabiwa, mishahara inakatwa, kisha linarudi chini ya kaunta mpaka mwezi ujao.

Kazi yetu ni kuwasaidia wenye maduka, karakana, depo na nyumba za kuoka mikate kutunza hesabu za watu wao: mahudhurio, mishahara, avansi (feza za mshahara zinazoombwa kabla ya siku ya kulipa) na malipo ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Lakini maswali tunayoletewa na mapatroni mara nyingi ni mengine. Niongeze mtu au wanatosha? Nifungue saa ngapi? Mbona wale wazuri ndio wanaoniacha? Wengine huja wakiwa wameshapigiwa bei ya mashine ya alama za vidole. Huwa tunawaomba wasubiri. Mashine hiyo, kama haina betri, umeme ukikatika nayo inanyamaza, na hata umeme ukiwepo itakupa misalaba ileile na maduara yaleyale. Buku ulilonalo lina majibu mengi kuliko unavyodhani, ila limezoea kufunguliwa na mtu anayemtafuta mkosaji.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi la Kenya (si nchi, ni komini moja ya hapa Lubumbashi), lenye wafanyakazi wanane. Ukurasa wa Februari umejaa wekundu, na patroni anasema vijana wamekuwa wavivu. Ongeza safu mbili tu pembeni: mtu analala wapi, na asubuhi hiyo mvua ilinyesha au hapana. Sasa maduara yanaanza kusema. Mengi ni ya watu watatu wanaotoka Ruashi na Annexe, na ni ya asubuhi za mvua, bisi zinapokuwa chache na nauli kupanda. Wale wa Kamalondo wanaokuja kwa miguu hawana hata moja. Kisha weka fakture (karatasi za mauzo) za mwezi huohuo pembeni ya buku, kama ziliandikwa saa. Utakuta asubuhi za mvua hakuna mteja wa maana kabla ya saa tatu, maana hakuna fundi anayemwaga zege chini ya mvua. Basi unawakata watu mshahara kwa kuchelewa kufika mahali ambapo hapakuwa na kazi. Uamuzi unaotoka hapo ni mdogo: kuanzia Novemba mpaka Machi, hao watatu waingie saa mbili na nusu na wabaki mpaka kufunga, saa ambayo leo duka linabaki na mtu mmoja na mlinzi.

Ndiyo maana jambo la kwanza tunaloomba ni saa kwenye fakture. Tarehe peke yake haitoshi. Ukiwa na saa ya mauzo na saa za watu unaweza kuona lini watu ni wengi kuliko kazi na lini kazi imewazidi. Kwa duka la simenti, tatizo kubwa mara nyingi ni siku lori linapofika kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Wote wanakwenda kushusha mifuko, kaunta inabaki tupu, mteja anasimama kidogo halafu anavuka barabara kwa jirani. Patroni akiona hivyo anasema anahitaji mtu wa tisa. Pengine anahitaji wapakuzi wa siku mbili kwa mwezi, si mshahara mmoja zaidi wa mwaka mzima.

Na usilinganishe Agosti na Februari. Hapa kwetu kiangazi ndicho majira ya kujenga, kila mwenye kiwanja anataka kupandisha ukuta kabla mvua hazijarudi. Anayeajiri kwa kuangalia mauzo ya Agosti peke yake atakuwa na watu wamekaa Januari. Agosti ilinganishwe na Agosti ya mwaka jana, ndiyo sababu kaye ya zamani haitupwi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mapatroni hawalipendi tukilitaja. Buku lina watu wanane, lakini ukikaa dukani kuanzia asubuhi unahesabu kumi na mmoja. Yuko mpwa wa patroni aliyekuja kusoma na jioni anapanga depo. Yuko mama patroni mwenyewe, mke wa patroni, anayepokea feza kila keshia anapokwenda kula. Yuko mdogo wa shemeji, anayeendesha pikapu “kwa kusaidia tu”. Hao hawaandikwi. Ni ndugu, wanakula nyumbani, ada ya shule ya mmoja inalipwa, mwingine anapewa kitu siku ya sikukuu. Kwa heshima ya ukoo hakuna ubaya. Kwa hesabu, hapo ndipo uamuzi mkubwa unapoharibika.

Angalia: wanane kwa saa 45 ni saa 360 kwa juma. Wale watatu, hata ukiwapa saa 40 kila mmoja, ni saa 120 nyingine. Duka linakwenda kwa saa 480, buku linasema 360. Patroni anaona faida ni nzuri, anaamua kufungua duka la pili Katuba, anaajiri wanane kwa sababu “wanane wanatosha, kule Kenya si wanatosha?” Miezi michache baadaye duka la Katuba linalegalega, na meneja wake anaitwa mwizi au mjinga. Kumbe la kwanza halikuwahi kuendeshwa na wanane. Mbaya zaidi, mama patroni ameanza kugawa siku zake kati ya maduka mawili, kwa hiyo hata la Kenya limepungukiwa na saa ambazo hakuna aliyejua zilikuwepo.

Hatusemi mlipe mpwa mshahara kesho asubuhi. Hayo ni ya familia, yaongeleeni nyumbani. Tunasema saa zake ziandikwe. Mstari wake uwe kwenye buku, na saa za patroni ziwe kwenye buku vilevile. Kuna faida ya pili: wafanyakazi wakiona ndugu wa patroni naye anaandikwa akichelewa, manung’uniko mengi yanakufa yenyewe.

Jambo jingine linalovunja urafiki kazini ni upungufu wa feza kwenye droo. Tunaona mabuku yenye ukurasa mzima wa “manko” kwa jina la keshia mmoja. Kabla hujamwita, uliza mawili. La kwanza: droo hiyo inaguswa na wangapi? Kama ni wawili au watatu, ukurasa huo hauna maana yoyote, hata ukiujaza miaka. Mtu mmoja, droo moja, feza zihesabiwe wawili wakiwepo kila wanapopokezana. La pili ni dola. Mteja ananunua vitu vya dola 40, anatoa noti ya dola 100. Asubuhi bei ya dola moja iliyotangazwa dukani ni faranga 2,300, basi keshia anamrudishia faranga 138,000 kwa dola 60. Jioni patroni anapiga hesabu kwa bei ya wabadilishaji wa barabarani, tuseme 2,250. Noti ile sasa ni faranga 225,000, ukitoa 138,000 zinabaki 87,000, na yeye anatafuta 90,000. Faranga 3,000 zimepotea na hakuna aliyeiba. Wateja kumi wa namna hiyo ni 30,000 kwa siku moja. Andika bei ya dola juu ya ukurasa kila asubuhi, ikibadilika mchana andika saa iliyobadilika, na hesabu ya jioni iufuate ukurasa huo. Ukishafanya hivyo, manko inayobaki ndiyo ya kuongelea.

Ukurasa wa avansi nao una habari, na mapatroni wengi huuona kama ukurasa wa omba-omba. Kama karibu wote wanaomba katika juma lilelile la katikati ya mwezi, tabia zao hazina neno. Tarehe ya kulipa ndiyo haipatani na maisha yao. Mshahara uleule ukigawanywa mara mbili kwa mwezi, maombi yanapungua na wewe hutoi hata faranga moja zaidi. Avansi za mwisho wa Agosti zinajulikana tangu zamani: shule zinafunguliwa Septemba na minervali, yaani ada ya shule, haingojei. Ziwekee feza kando kuanzia Juni. Na yule ambaye hakuwahi kuomba, kisha anaomba miezi mitatu mfululizo, usimwekee duara. Mwite pembeni, umuulize habari za nyumbani. Mara nyingi huyo ndiye anayetafuta kazi nyingine.

Hapo tuseme wazi kipimo cha hesabu hizi. Ukiwa na watu wanane, mambo ya asilimia yaache. Mtu mmoja akiondoka utasema umepoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya nguvu kazi, inasikika kama msiba, kumbe dada ameolewa Likasi. Kwa biashara ya ukubwa huo buku linakuonyesha pa kuuliza, jibu unalipata kwa mdomo wa mtu. Vilevile msidanganyane na karatasi za maoni “bila jina”. Watu wanane mnajuana mpaka mwandiko.

Na jihadhari na zawadi ya kipimo kimoja. Ukitangaza kwamba muuzaji mwenye fakture nyingi atapewa bonasi, utaona mteja mmoja wa mifuko kumi akiandikiwa fakture tatu. Ukitoa zawadi kwa asiyekosa hata siku moja, mtu atakuja na homa na kuwaambukiza wenzake. Watu si wabaya, wanakupa ulichokisema.

Kuna vitu ambavyo sisi hatuviandiki hata patroni akituomba. Jina la ugonjwa haliandikwi: “mgonjwa, siku mbili” inatosha. Kabila na kanisa hatuviweki, havisaidii kupanga zamu na katika mji huu vinaweza kuwasha moto. Tangu 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya kidijitali inayolinda habari za watu binafsi, lakini hata bila sheria hiyo, kupiga picha ukurasa wa mishahara na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la familia ni kumvua mtu nguo. Saa za kazi ziwe wazi kwa wote, kila mtu aone mstari wake na aukatae kama una kosa. Mishahara na avansi zikae kwenye buku la pili lenye kufuli.

Sheria ya kazi nayo ipo, tutaipitia haraka. Kanuni ya kazi ya 2002 inaweka ukomo wa saa 45 kwa juma na 9 kwa siku, zaidi ya hapo ni saa za ziada zenye malipo yake. Mchango wa CNSS ni asilimia 18 ya mshahara: 13 za mwajiri, 5 za mfanyakazi. Buku lililoandikwa vizuri ndilo utakalolitoa mkaguzi akija, na ndilo litakalokutetea mfanyakazi wa zamani akidai saa ambazo hakufanya. Likikuonyesha kwamba mtu mmoja anafanya saa 60 kila juma, nalo ni jibu la lile swali la kuongeza mtu.

Ukituita, tutakuja dukani kwako, si wewe kuja ofisini kwetu. Tutaomba buku la miezi mitatu iliyopita na la miezi hiyohiyo ya mwaka jana kama lipo, fakture zake, na ukurasa wa avansi. Majina unaweza kuyaficha, utupe namba tu. Tutakaa dukani asubuhi moja kuhesabu waliopo, pamoja na ndugu. Kisha utapata ukurasa mmoja wa Kiswahili, au Kifaransa ukitaka, wenye mambo mawili au matatu ya kuamua na jambo moja la kuacha kuandika kwa sababu halikusaidii. Bei inategemea idadi ya watu, tunakubaliana kabla hatujafungua buku. Biashara yenye watu chini ya watano hatuilipishi ukaguzi wa kwanza. Wengi wao tunawaambia waendelee na kaye yao, waongeze tu saa kwenye fakture na bei ya dola juu ya ukurasa.