Shangazi, hizo wiki za kusubiri nazo ni tiba

Shikamoo Shangazi,

Nilikuomba ruhusa ya kuandika barua hii mahali pa wazi, ukasema niandike ila nisikutaje jina. Sijakutaja. Najua wapo wengi walioambiwa yale uliyoambiwa wewe, wakatoka kwa daktari na swali lile lile ulilonirushia kwenye simu: "Kama uvimbe wameuona, si wautoe? Wanangoja nini?"

Una saratani ya puru, sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mpana. Umepangiwa mionzi siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5 na siku kidogo, huku ukimeza vidonge vya kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Ukimaliza unaambiwa nenda nyumbani upumzike wiki kadhaa, ndipo uje kupasuliwa. Kwa hesabu yako huko ni kulala na adui chumba kimoja. Nakuelewa. Lakini kazi yangu ni kuwalaza wagonjwa kwenye meza ya mionzi, na linaloniuma kuliko yote ni kumwona mtu anaukimbia mpango mzuri kwa sababu tu hakuna aliyemkalisha chini akamweleza kwa nini umepangwa hivyo. Wewe nitakueleza.

Nianze na kisu. Puru imejibana ndani ya nyonga, mahali pembamba palipozungushiwa mifupa. Kwa mwanamke, mbele yake kuna uke na mji wa mimba. Nyuma kuna mfupa wa kiuno. Pembeni zinapita neva zinazoongoza mkojo. Daktari wa upasuaji hana pa kujitanua. Mwaka 1982 daktari mmoja Mwingereza, Bill Heald, alieleza umuhimu wa kuitoa puru pamoja na mafuta yanayoizunguka, yakiwa mazima ndani ya utando wake bila kuchanika, maana ndani ya mafuta hayo ndimo zilimo tezi ambamo saratani hupenda kujificha. Upasuaji wa namna hiyo ulipunguza sana visa vya ugonjwa kurudi pale pale. Hata hivyo kisu hukata kinachoonekana na kushikika. Seli chache zilizokwisha kuvuka ukingo hazionekani kwa macho wala hazigusiki kwa kidole.

Mionzi udhaifu wake uko kwingine. Inaua seli kwa kuharibu vinasaba vyake, na kwa kazi hiyo inahitaji oksijeni. Katikati ya uvimbe mkubwa damu haifiki vizuri, oksijeni ni haba, na seli zilizokosa oksijeni huhitaji mionzi karibu mara 3 zaidi ili zife. Pembezoni, kwenye zile seli chache zilizotangulia kupenya, damu ipo na mionzi inafanya kazi yake barabara. Kwa hiyo kisu kinapoweza sana ndipo mionzi inaposhindwa, na mionzi inapoweza ndipo kisu hakioni. Ukiambiwa unahitaji vyote viwili, usidhani daktari mmoja hamwamini mwenzake.

Sasa, kwa nini mionzi itangulie? Kwanza ni hiyo hiyo habari ya damu. Leo mishipa yako ya nyonga ni mizima. Baada ya upasuaji pale patakuwa na kovu, na kovu halina damu ya kutosha. Pili, leo uvimbe uko mahali pake na tunauona kwenye picha ya MRI. Tunajua pa kulenga. Ukishatolewa, utumbo mwembamba huporomoka kujaza pengo, na utumbo mwembamba hauvumilii mionzi. Na lipo jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi: sehemu kubwa ya utumbo tutakaoupiga mionzi kabla, ndiyo itakayokatwa na kutupwa. Tukipiga baada, tunapiga utumbo ule ule mzima ulioshushwa na kuunganishwa, ambao ndio utakaoishi nao.

Haya hayakuamuliwa kwa kubahatisha. Mwaka 1997 madaktari wa Uswidi walitangaza matokeo ya wagonjwa waliopewa mionzi ya wiki moja tu kabla ya upasuaji, wakilinganishwa na waliopasuliwa bila mionzi. Baada ya miaka 5 ugonjwa ulikuwa umerudi pale pale kwa 11 katika kila 100 waliopewa mionzi, na kwa 27 katika kila 100 ambao hawakupewa. Watu wakauliza, je, si kwa sababu enzi hizo upasuaji wenyewe ulikuwa haujaboreka? Waholanzi wakarudia jaribio wakitumia upasuaji wa kina Heald, na mwaka 2001 wakaonyesha kwamba hata kwa kisu kizuri mionzi bado ilipunguza: baada ya miaka 2, ugonjwa ulirudi kwa 2.4 katika 100 badala ya 8.2. Kisha mwaka 2004 Wajerumani wakajibu swali lako hasa, la nini kitangulie. Waliowekewa mionzi na kemo kabla walirudiwa na ugonjwa mahali pale kwa asilimia 6 ndani ya miaka 5. Waliowekewa baada, asilimia 13. Na madhara makali yalikuwa machache kwa waliotanguliza mionzi.

Sitakuficha kitu: katika utafiti huo wa Wajerumani, na ule wa Waholanzi, idadi ya waliobaki hai haikutofautiana sana kati ya makundi. Mionzi inayotangulia kazi yake kubwa ni kuuzuia ugonjwa usirudi ndani ya nyonga. Usilichukulie hilo kuwa dogo. Nimewahudumia watu ambao saratani ilirudi kwenye nyonga, ikakandamiza neva na mifupa. Maumivu yale ni magumu kuyatuliza, na kumpasua mtu mara ya pili mahali pale ni kazi nzito mno. Ningefanya lolote usifike huko.

Kuhusu chumba chenyewe, usikiogope. Siku ya kwanza hutapigwa mionzi. Utalazwa kwenye mashine ya picha, tutakuchora alama, na huenda tukakuchanja vidoa vya wino vidogo kama kichwa cha pini, kimoja chini ya kitovu na viwili ubavuni. Kila siku utakayokuja, mistari ya taa ukutani na darini lazima ikutane juu ya vidoa hivyo. Isipokutana, tunakusogeza kidogo kidogo hadi ikutane. Pengine utaambiwa unywe maji na usikojoe. Kibofu kilichojaa huusukuma utumbo mwembamba juu, nje ya njia ya mionzi, kwa hiyo ukija na kibofu kitupu tutakuomba unywe na usubiri. Usikasirike. Mionzi yenyewe ni dakika chache, haichomi, hutasikia kitu zaidi ya mlio wa mashine. Na ukitoka pale huna mionzi mwilini. Wabebe wajukuu zako, walale kifuani pako.

Uchovu utakuja, mara nyingi kuanzia wiki ya pili au ya tatu. Kuharisha pia, kwenda haja ndogo mara kwa mara, na ngozi ya makalio kuwasha na kuuma. Sema mapema, kuna dawa. Yapo pia ya ndani zaidi yanayowahusu wanawake, uke kukauka na kuwa mwembamba. Hayo tutaongea mimi na wewe, na yana namna ya kusaidiwa, ila lazima yasemwe.

Sasa nije kwenye zile wiki zilizokukosesha usingizi. Seli iliyopigwa mionzi haifi siku hiyo hiyo. Nyingi hufa zinapojaribu kugawanyika, na mwili unahitaji muda wa kusafisha mabaki. Uvimbe unaendelea kunywea wiki nyingi baada ya sisi kuzima mashine. Wafaransa wa Lyon walilipima jambo hili: kundi moja lilipasuliwa wiki 2 baada ya mionzi, lingine wiki 6 hadi 8. Mwaka 1999 walieleza kwamba, vipande vilivyotolewa vilipotazamwa kwa hadubini, waliokuwa hawana seli za saratani au wamebakiwa na chache tu walikuwa 10 katika 100 kwa kundi la haraka, na 26 katika 100 kwa kundi lililosubiri. Kwa hiyo Shangazi, siku utakayokuwa umekaa kibarazani ukidhani hakuna kinachofanyika, tiba inaendelea ndani yako. Ngozi na utumbo wako pia vinapata nafasi ya kupoa kabla ya kupasuliwa. Na siku hizi baadhi ya wagonjwa huongezewa kemo katika kipindi hicho.

Lakini kusubiri nako kuna kikomo, na hapa naomba unisikilize vizuri. Wafaransa wengine mwaka 2016 walilinganisha wiki 7 na wiki 11. Hizo za ziada hazikuongeza faida, na matatizo baada ya upasuaji yaliongezeka, kwa kuwa mionzi huacha nyama ngumu, na kadiri siku zinavyopita ndivyo tabaka zinavyogandana. Kwa hiyo tarehe ya upasuaji usiisogeze kwa sababu ya harusi, safari, au kwa sababu umeanza kujisikia mzima. Na utajisikia mzima. Damu itakoma, haja itakuwa nyepesi, watu watakwambia umenawiri. Wengi huachia hapo hapo na kutoweka. Kutoona dalili si kupona.

Ni kweli kwamba kwa baadhi, kama 15 hadi 20 katika 100 baada ya mionzi na kemo za muda mrefu, uvimbe huisha kabisa. Daktari Angelita Habr-Gama wa São Paulo, Brazil, ndiye aliyethubutu kuwaacha wagonjwa wa namna hiyo bila kuwapasua, akiwafuatilia kwa karibu. Leo hospitali nyingi hufanya hivyo kwa waliochaguliwa kwa uangalifu. Uvimbe hurudi kwa karibu robo yao, hasa ndani ya miaka 2 ya kwanza, ndiyo maana hupimwa kila baada ya miezi michache kwa kidole, kamera na MRI. Ukipewa nafasi hiyo na timu yako, sawa. Kujipa mwenyewe kwa kukaa nyumbani ni jambo jingine kabisa.

Uliniuliza pia kuhusu rafiki yako mwenye saratani ya titi, yeye mbona alipasuliwa kwanza? Kwa sababu titi si nyonga. Uvimbe wake unafikika kirahisi, na ukishatolewa hakuna utumbo wa kuporomokea pale. Kwake mionzi ndiyo iliyoliokoa titi. Zamani lilikatwa lote pamoja na misuli ya kifua. Bernard Fisher wa Marekani aliwafuatilia wanawake kwa miaka 20, na mwaka 2002 akaonyesha kwamba waliotolewa uvimbe tu waliishi muda ule ule na waliokatwa titi zima. Tofauti ilikuwa hii: bila mionzi, saratani ilirudi kwenye titi hilo kwa 39 katika 100; ikiwepo mionzi, kwa 14. Kila kiungo kina mpangilio wake, na upo ugonjwa, kama saratani ya shingo ya kizazi, ambao madaktari hujitahidi kuchagua njia moja tu, maana kuunganisha upasuaji na mionzi huongeza madhara. Usilinganishe karatasi yako na ya mtu mwingine.

Gharama ya kutanguliza mionzi ipo. Kidonda cha nyama iliyopigwa mionzi hupona polepole, na maungio ya utumbo huwa dhaifu kwa muda. Ndiyo maana daktari anaweza kuutoa mdomo wa utumbo nje kupitia ngozi ya tumbo kwa miezi kadhaa, choo kipite kwenye mfuko, ili maungio yapumzike. Najua unauogopa mfuko huo kuliko saratani yenyewe. Mara nyingi ni wa muda. Wa kudumu huja uvimbe unapokuwa chini sana, karibu na misuli ya kubania choo. Usikisie, mwulize moja kwa moja: wa kwangu ni upi? Mwulize pia ni wiki ngapi hasa kati ya mionzi na upasuaji, na MRI ya pili itapigwa lini. Na kwa muda huo kula vizuri na tembea kila siku. Mjomba akivuta sigara, akavutie nje.

Tarehe ya hiyo MRI ya pili ukipewa, nitumie siku hiyo hiyo. Nataka niwe nimekaa nawe daktari atakapokuwa anasoma majibu, nishike kalamu wewe usikilize.

Mwanao