Moshi wa meli Norway na oili chafu hapa Dunga

Mhariri,

Kila nikisoma watu wakilia kwamba Kisumu iletewe meli za watalii kama za ng'ambo huwa nacheka kidogo, juu mimi nimezifanyia kazi hizo meli, misimu miwili, jikoni, chini kabisa mahali hakuna hata dirisha, na Norway yenyewe niliiona kwa mapumziko ya dakika ishirini ishirini tu.

Asubuhi moja tuliingia Geiranger. Hiyo ni fjodi, si mto si ziwa, ni bahari imeingia ndani ya bonde lililochimbwa na barafu zamani hizo, maji ni ya chumvi lakini pande zote mbili milima imesimama wima na maporomoko yanateremka kutoka huko juu, kuna saba yamepangana yanaitwa Dada Saba na ng'ambo yao kuna lingine linaitwa Mposaji, eti anawaposa miaka yote na hakuna amemkubali (kwetu saa hii angekuwa na watatu, lakini tuachane na hayo).

Mimi lakini kilichonishika si maporomoko. Nilitoka kupunga hewa nikaangalia juu nikaona moshi wa meli yetu umekwama. Haupandi, hauendi. Umelala katikati ya milima vile moshi wa kuni hulala kwa jikoni ya nyanya yangu, na chini yake kuna kijiji cha watu kama mia mbili hivi wanaoishi pale mwaka mzima. UNESCO waliiweka kwa urithi wa dunia 2005, na wenyewe wanavuta moshi wetu!

Basi 2018 bunge lao likasema imetosha, ikifika 2026 meli za kuchafua hewa zisiingie fjodi za urithi. Zile kubwa baadaye zikaongezewa muda mpaka 2032, si unajua wakubwa ni wakubwa kila mahali, lakini za chini ya tani 10,000 zikaambiwa ni hiyo 2026.

Sasa njoo Dunga, ufuo wetu wa Ziwa Victoria hapa Kisumu. Jumapili nilipeleka watoto wa dadangu waone viboko, kabla tutoke jamaa wa boti alikuwa anabadilisha oili ya injini, akaijaza kwa mkebe wa kasuku akamwaga hapo hapo kwa maji, zile rangi rangi zikasambaa mpaka kwa gugumaji. Nikamwambia huyo jamaa wa boti, kijana wangu, si maji ya mji huu yanavutwa hapa hapa Dunga? Akacheka, "Mama, ziwa ni kubwa hili."

Naomba BMU, ile kamati ya kusimamia ufuo, na kaunti waweke pipa moja ufuoni la oili chafu, na boti ikishikwa ikimwaga ikae wiki bila abiria. Hiyo oili haiwezi kukosa mtu, wenye kupaka nguzo za fensi zisiliwe na mchwa wataimaliza. Pipa ninalo, liko nyuma ya nyumba, wakitaka hata kesho nalileta na tuktuk.

Msomaji wenu,
Nyalenda, Kisumu