Fundi anayewahi methadoni asifukuzwe kwa kuchelewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wenye karakana wenzangu hapa Mbeya, hasa sisi wa Mwanjelwa.

Ninatengeneza samani. Kati ya vijana wangu yupo mmoja wa msasa na vanishi ambaye yuko kwenye methadoni, dawa ya hospitali wanayopewa waliozoea heroini, yaani unga, ili waachane nao. Kila siku ya Mungu, sikukuu zikiwemo, anaanzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, ndipo anapanda daladala kuja kazini. Wenzake wanaingia saa moja na nusu. Yeye ni saa tatu, na foleni ikiwa ndefu inasogea zaidi.

Jirani yangu alikuwa na kijana wa namna hiyo hiyo, akamfukuza kwa uchelewaji. Nilipomuuliza akanijibu kwamba hao wametolewa kwenye unga wakaingizwa kwenye unga wa serikali, na kwamba kama dawa ingekuwa ya kweli wangeshaiacha. Baba yangu anameza vidonge vya presha mwaka wa ngapi huu, sijasikia mtu akimuuliza ataacha lini.

Aliyezoea heroini akikosa kete kwa saa chache, arosto inamshika: miayo, makamasi, machozi, kuhara, viungo vyote vinauma. Hapo usimpe randa, akili yote iko kwenye kete, na vitasa dukani vitapungua. Methadoni inakaa mwilini kutwa nzima na zaidi, na ikipimwa sawasawa hailewishi. Huyu wangu ukimwona anapiga msasa mlango wa mninga hutajua lolote, labda jasho tu, maana dawa hiyo inatoa jasho hata kwenye baridi yetu ya Juni. Tena ni ya kunywa. Hakuna bomba la sindano la kuazimana kijiweni, na huko ndiko VVU na homa ya ini vinakopitia. Haikuanza jana wala juzi: Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, Muhimbili wakaanza kuitoa 2011, kwetu Mbeya ikafika 2017.

Wengi hawajui kinachotokea mtu akikosa dozi. Zikipita siku kadhaa mfululizo, hapewi tena kiwango chake cha zamani, kwa sababu mwili umeshaanza kukisahau na kinaweza kumuua. Anaanzishwa upya kidogo kidogo. Katikati hapo arosto inarudi, na akirudia unga kwa kipimo alichokizoea zamani, anaweza asiamke. Kwa hiyo bosi anayesema "leo usiende, kuna oda ya vitanda" ajue anachokigusa.

Nasaha nazo ni nusu ya tiba. Mnasihi aliniita tukakaa watatu. Sikuhubiriwa, niliulizwa mshahara ninalipa lini. Nikasema Jumamosi jioni, taslimu. Kijana mwenyewe akasema hiyo ndiyo saa yake mbaya kuliko zote, fedha mfukoni na kijiwe kiko njiani. Tukakubaliana nimtumie dada yake kwa simu, yeye nimwachie nauli na ya chakula. Mpaka leo tunafanya hivyo, na ni yeye anayenikumbusha.

Wenzangu, mpangieni mtu wa namna hii aingie saa tatu, jioni afidie. Kwangu anabaki kupiga vanishi wakati wengine wameshaondoka, na mashine zikiwa zimezimwa vumbi halirukii kazi.

Na wenyeviti wetu wa mitaa, mgambo wanapozoa vijana kwenye msako, waulizeni kwanza nani ana dozi ya asubuhi. Akikamatwa Jumamosi akalala mahabusu mpaka Jumatatu, hospitali ipewe taarifa Jumamosi hiyo hiyo.

Fundi seremala,
Mwanjelwa, Mbeya