Somo yangu, Mkonga anarudi

Ulm, Ujerumani
Jumapili, 16 Novemba

Kwako somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Ngamiani, wewe na Mama na wote wa nyumbani. Mwamkie Mama, mwambie shikamoo yake ninayo kila siku. Sisi huku wazima, mdogo tu ana mafua.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu Mkonga, yule tembo wa kitambaa uliyewashonea wanangu, anarudi Tanga, na barua hii itakaa naye ndani ya boksi moja. Picha zake nimezibandika kwenye daftari kama watoto wa barazani kwako walivyoagiza, kila ukurasa na tarehe yake. Lakini daftari ni la watoto. Haya ni yako, maana kuna jambo nimelibeba tangu mwezi uliopita na kila nikishika simu naona simu hailiwezi.

Nianze alivyofika. Alitumia karibu wiki tano njiani. Kile kikaratasi cha forodha ulichokijaza kwa mwandiko wako wa shule, "tembo wa kitambaa, zawadi", kilikuwa bado kimeganda juu. Huku zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi euro 45 haitozwi ushuru, kwa hiyo alipita bila kufunguliwa. Nilimnusa kabla sijamwona: udi, na yale mafuta ya cherehani. Nilipomtoa nikaijua kanga, somo. Ni kile kipande chako cha doti tuliyogawana mwaka ule naondoka. Changu mimi ninacho hadi leo, nakitandika juu ya kiti karibu na dirisha. Sikujua kama wewe ungekubali kukata chako. Nilikaa na tembo mapajani mpaka watoto wakaninyang'anya.

Maneno yaliyobaki ubavuni mwake, USISAFIRIE, yamemtambulisha kuliko sura. Mwanangu mkubwa alianza darasa la kwanza Septemba. Siku ya kwanza ya shule huku mtoto hupewa kitu kinaitwa Schultüte, koni ya karatasi ngumu, umbo lake ni kile kikaratasi cha karanga hasa, ila kirefu mpaka kifuani kwa mtoto, ndani peremende, penseli na vijizawadi. Mkonga alichomekwa juu kabisa, mkonga nje. Darasa zima likakusanyika kumsoma herufi kwa herufi. Walisema "Uzizafirie", kwa sababu s yao ikikaa mbele ya irabu hutamkwa z. Mwalimu akaniuliza maana yake. Nikamwambia sentensi imekatwa, nzima inasema usisafirie nyota ya mwenzio, na kwamba kwetu mabaharia walisafiri kwa nyota. Akaiandika ubaoni yote, na watoto wakaitamka mara tatu. Nilitoka pale nikaenda kusimama chooni nijifute machozi.

Ya mjini yamo kwenye daftari, sitayarudia mengi. Alipanda mnara wa Münster, kanisa letu la hapa, lililoanza kujengwa 1377 na mnara wake kumalizika 1890, mita 161 na nusu kwenda juu. Kwa zaidi ya miaka 130 hakukuwa na kanisa lenye mnara mrefu kuupita duniani kote. Sisi tuliishia njiani, miguu ya mdogo ilikataa. Na alipigwa picha na shomoro, maana shomoro ndiye ndege wa Ulm. Husimuliwa kwamba wakati wa kujenga kanisa watu walileta boriti ndefu wakaibeba kwa upana, haikupita lango la mji, wakakaribia kulibomoa lango. Ndipo wakamwona shomoro anaingiza ujiti kwenye kiota kwa ncha yake. Hadi leo kuna shomoro mkubwa juu ya paa la kanisa.

Sasa nikuambie lililomkuta, na naomba usinikasirikie. Mwanzoni mwa Oktoba tulikwenda kuendesha baiskeli kando ya mto Donau. Mkonga alikuwa kwenye kikapu cha mbele cha baiskeli ya mdogo. Tulipofika nyumbani kikapu kilikuwa kitupu. Ilikuwa inanyesha, giza limeingia. Mume wangu akarudi na tochi, akatafuta njia nzima hadi saa nne usiku, akaja na viatu vya matope bila tembo. Mtoto alilala analia na mimi nililala nalia. Nilikuwa nafikiri: nusu ya doti yake, nami nimeitupa mtoni.

Siku ya tatu ndipo tukamwona. Watu wa huku wana desturi moja ninayoipenda sana. Mtu akiokota glavu ya mtoto au kiatu au mwanasesere njiani, hakichukui. Hukiweka juu, kwenye ukuta mfupi au kwenye nguzo ya uzio palepale, ili mwenyewe akirudi akione. Mkonga alikuwa amechomekwa juu ya nguzo ya ua wa bustani, na aliyemwokota alimvisha mfuko wa plastiki wa mkate asilowe zaidi. Sikuwahi kumjua ni nani. Nimemwombea dua.

Lakini sikio la kushoto lilikuwa limeng'oka, sijui ni gurudumu sijui ni mbwa, na sufi ilikuwa inamtoka shingoni. Ndipo alipoingia mavyaa wangu.

Nimekusimulia habari zake mara nyingi. Si mtu mbaya, ni mtu wa kimya. Miaka yote hii tumekunywa naye kahawa kila Jumapili na sidhani kama nimewahi kusikia kwake maneno mia kwa mkupuo. Jumapili ile alimkuta Mkonga juu ya meza ya jikoni anakauka. Akavaa miwani. Akamgeuza, akaangalia mshono wa tumboni, ule unaoficha kwa ndani, akasema, "Huyu fundi anajua kazi." Akachukua sufi kidogo kwenye vidole, akauliza ni pamba gani hii nyepesi hivi. Nikamweleza kwamba inatoka kwenye mti, inapasuka kwenye matunda, nyumbani tunajazia mito. Akasema dubu wa zamani wa huku walijazwa nyuzinyuzi nyembamba za mbao. Nikashangaa amejuaje. Akasema mama yake alikuwa anawashona, nyumbani kwao mjini Giengen, kwenye meza ya jikoni kama ile.

Sikio jipya lilihitaji kitambaa. Nilikwenda nikaleta kanga yangu kutoka kwenye kiti. Mavyaa aliitazama, akamtazama Mkonga, akaona ni kanga moja. Hakuuliza kitu. Tukakata pembe yangu, kwenye pindo, na akashona mwenyewe huku watoto wamemzunguka. Kwa hiyo sikio la kushoto utakaloliona, somo, ni la upande wangu wa doti. Limechakaa kidogo kwa jua la dirishani, ndiyo maana rangi zimepishana.

Baada ya wiki mbili mavyaa mwenyewe akasema twende Giengen. Ni mwendo wa nusu saa na kitu kwa treni, unapita mashamba ya mahindi na vituo vidogo vidogo. Na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mstari wa kwanza.

Giengen alizaliwa mwanamke jina lake Margarete Steiff, mwaka 1847, na nyumba aliyozaliwa bado ipo. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alipata homa, na ilipomwachia, miguu yake yote miwili ilikuwa imepooza na mkono wa kulia umelegea. Polio, somo. Alikwenda shule kwa kukokotwa na wenzake kwenye kigari cha mkono. Akataka kujifunza kushona, na watu wakaona ni kujitaabisha, mkono ule utashikaje sindano. Akajifunza. Halafu ikaja cherehani, na gurudumu la kuzungusha, unavyojua, liko kulia. Mkono wake wa kulia hauwezi. Unajua alifanya nini? Aliigeuza cherehani, nyuma ikawa mbele, akazungusha kwa kushoto.

Nilisoma hayo pale kwenye makumbusho yake nikasimama. Nikaiona ile siku baba yako, Mungu amrehemu, alipoing'oa cherehani ya miguu kutoka kwenye meza yake akaitia mkono wa kuzungusha, wiki ile ile fundi mmoja aliposema mbele yetu mtoto mwenye mguu kama wako afadhali asuke ukili. Tulikuwa na miaka kumi na moja. Ulishona gauni la kwanza kabla Ramadhani haijaisha, na mimi ndiye nililivaa.

Margarete alifungua duka lake la nguo za felti, ile sufu iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama gunia. Desemba 1879 akaona kwenye jarida la mitindo karatasi ya kukatia tembo mdogo. Akashona wachache kwa mabaki ya felti, wawe mito midogo ya kuchomekea sindano, akawapa ndugu na marafiki. Watoto wa nyumba hizo wakawachukua kwenda kuchezea. Akashona wengine. Kampuni yake huhesabu umri kuanzia mwaka uliofuata, 1880, kwa ajili ya tembo hao. Dubu wanaojulikana dunia nzima walikuja baadaye sana: mpwa wake Richard alimbuni wa kwanza 1902, na mwaka uliofuata, kwenye maonyesho ya Leipzig, mnunuzi mmoja kutoka Marekani akaagiza 3,000. Tangu 1904 kila mnyama wao ana kifungo sikioni. Lakini wa kwanza ni tembo. Kwa lahaja ya huku humwita "Elefäntle". Ile "le" ya mwisho wanaitia kwenye kila kitu wanachokipenda au kilicho kidogo, kama sisi tunavyosema kitembo.

Nikamshika Mkonga mbele ya kabati la kioo la makumbusho, yeye huku, tembo wa felti kule. Ukubwa ni karibu sawa. Picha ipo ukurasa wa kumi na nne, mkono unaoonekana ni wangu, unatetemeka ndiyo maana haikutulia. Mavyaa alisimama nyuma yangu muda mrefu, kisha akaanza kuzungumza, na hakunyamaza mpaka Ulm. Mama yake alivyokuwa akiletewa vipande vilivyokatwa, kila aina ndani ya mfuko wake. Yeye akiwa mtoto kazi yake ilikuwa kugeuza miguu ya wanyama nje kwa kijiti baada ya kushonwa, vidole vya watoto vikiwa vyembamba. Masikio mama yake hakumwachia mtu, kwa kuwa, alisema, sikio likienda upande mnyama anakuwa na sura ya kuogopa. Mume wangu hakuwahi kuyasikia haya. Ni mwanawe wa kumzaa.

Kampuni ile ina kauli ya tangu enzi ya Margarete, kwamba kwa watoto kitu bora tu ndicho kinachotosha. Nimeiandika kwa Kiswahili nyuma ya picha hiyo. Ibandike juu ya cherehani yako ukipenda.

Tulimpeleka pia bonde la Lone, kwenye pango la Vogelherd, si mbali na reli hiyo hiyo. Pango lenyewe ni dogo, mdomo wazi kwenye kilima chenye majani. Humo walichimbua vinyago vya pembe vya watu wa kale, vyenye umri wa kati ya miaka 35,000 na 40,000, na mwaka 2006 wakapata kimoja kizima cha mamothi, yule ndugu wa tembo mwenye manyoya aliyekuwa akitembea huku enzi za barafu. Urefu wake ni sentimita 3.7, kinaingia kwenye ngumi ya mtoto kisionekane. Mkubwa aliuliza kilikuwa cha mtoto gani. Baba yake akamwambia hakuna ajuaye. Akakaa akifikiri, kisha akamweka Mkonga kwenye mdomo wa pango, anatazama nje, akasema sasa na wao wamwone huyu asiye na manyoya.

Mavyaa ana ombi kwako. Anataka kushona Mkonga wa pili kwa ajili ya darasa la mwanangu. Alimlaza juu ya karatasi akajaribu kumchora, akaacha. Anasema umbo halipatikani bila kufumua, na yeye hafumui kazi ya mtu. Basi anakuomba umkatie vipande kwenye gazeti lolote, uandike namba ya kila kipande, uvitie kwenye bahasha. Sikio likate mara mbili, anataka kulijaribu kwanza. Ndani ya boksi amekuwekea felti ya kijivu, kipande kizima, na pakiti ya sindano, zile ndefu za kupenya kwenye kitu kilichojazwa. Sindano zimechomekwa kwenye kadi, wahi kuzitoa kabla watoto hawajafungua.

Nami nimekurudishia kitu. Kilichobaki cha kanga yangu nimekikata katikati, nusu imo chini ya daftari. Usinipigie kunigombeza.

Posta nitakwenda kesho asubuhi nikishampeleka mkubwa shule. Mkonga nimemvisha soksi ya sufu ya mdogo mpaka shingoni, amri ya mavyaa, anasema safari ni ndefu na ndege ni baridi. Soksi msiirudishe.

Wasalaam,
Mimi somo yako