Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Bustani za Nyumbani, Lushoto

Ndugu wanachama,

Kazi za misimu mnazijua, sitazirudia kwa kirefu. Masika tulikuwa na kabichi, karoti na njegere. Kwenye baridi ya Juni na Julai tulipogoa plamu na pichesi, majani yakiwa yamepukutika. Vuli tukapandikiza miche ya kitalu chetu. Kinyausi, ugonjwa wa miche kuoza shina na kuanguka, kimepungua kitaluni tangu niliposisitiza mistari iachane sentimita 15 na umwagiliaji ufanyike asubuhi, si jioni.

Sasa nije kwenye suala lililoleta manung'uniko: uamuzi wa kutokuwa na nyanya Agosti na Septemba, na kung'oa mnavu, bilinganya na nyanya chungu. Imesemwa kwamba mwenyekiti amewanyima watu mboga na fedha, maana nyanya za kiangazi ndizo zenye bei. Uamuzi ule niliusimamia na bado nausimamia.

Sababu ni kantangaze, nondo mdogo anayeshambulia nyanya na jamii yake, aliyepo nchini tangu mwaka 2014. Kiwavi wake hukaa ndani ya jani, katikati ya ngozi zake mbili, ndiyo maana dawa nyingi za kupulizia hazimfikii. Linyanyue jani lenye baka ulielekeze kwenye mwanga: utaona sehemu iliyobaki utando tu, kinyesi cheusi ndani yake, na mara nyingi kiwavi mwenyewe. Wakikomaa, wengi wao hushuka udongoni kugeuka nondo. Wakati wa joto, kutoka yai hadi nondo ni kama mwezi mmoja, kwa hiyo miezi miwili bila chakula inakata vizazi viwili. Lakini mnavu mmoja uani unatosha kumvusha. Ndiyo maana mnavu haukusamehewa, ingawa najua unavyopendwa mezani.

Wapo waliodai mitego ingetosha. Beseni la maji ya sabuni lenye kivutio (harufu inayoiga ya jike) juu yake hunasa madume tu. Majike yaliyokwisha kupandwa yanaendelea kutaga. Mtego unatuarifu kwamba nondo wamefika, basi.

Kilichotuumiza ni masalia ya nyanya zilizong'olewa. Baadhi yetu walitupa mashina pembeni mwa bustani, au kwenye lundo la mboji lisilopata joto, na viwavi wakamalizia kukua humo humo. Utaratibu tuliopitisha ulikuwa wazi: ng'oa na mizizi, rundika juani, funika kwa nailoni, kandamiza kingo kwa udongo kwa wiki 3, kisha zika. Waliofuata, vuli hii wanazunguka bustani asubuhi kwa raha, wanatoa machipukizi ya kwapani, kati ya jani na shina la nyanya, yakiwa bado mafupi kuliko kidole, na majani ni mazima.

Mahudhurio yanasikitisha. Kati ya mikutano 4, akidi ilitimia mara 1, na waliolalamika zaidi ndio hawakuonekana siku ya kupiga kura. Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Kati ya wanachama 41, waliolipa ni 17. Kwa ujumla mapato ni shilingi 1,140,000, matumizi (mbegu, trei, vivutio, kodi ya kitalu) 985,000, baki 155,000. Bila ufuatiliaji wangu wa nyumba kwa nyumba, hata kodi isingelipwa.

Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia, kupata tangi la kuvunia maji ya mvua na pengine kitalu kikubwa zaidi, kadiri ada zitakavyoruhusu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti