Mkulima apimiwe unyevu kwa chumvi, si kwa asilimia

Mhariri,

Kumwambia mkulima wa Kinango, kaunti ya Kwale, akaushe mahindi hadi unyevu wa asilimia 13.5 kabla ya kuyatia kwenye gunia lisilopitisha hewa ni sawa na kutomwambia kitu. Mashine ya kupima hana.

Kipimo kiko jikoni. Achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi hadi robo, aongeze vijiko viwili vya chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa. Afunge, atikise dakika moja, aiache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Hapo bado asikimbilie kufunga. Kwa hewa yetu ya Pwani, aanike siku moja au mbili zaidi, juu ya turubai wala si mchangani, akitandaza umande ukishakauka na kuanua kabla ya jioni.

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye hatari. Gunia hili lina matabaka matatu: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, na gunia la kawaida nje. Wadudu wa nafaka waliomo, fukusi na dumuzi, humaliza hewa, wakaacha kula, wakafa. Lakini gunia halikaushi nafaka, wala haliondoi sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokwisha kuingia. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Anayeuza gunia bila kulisema hili anamhatarisha mnunuzi.

Kisha kufunga. Mfuko wa ndani upulizwe kwanza na kubanwa, usikilizwe kama unavuja. Ujazwe vizuri, ubakizwe mdomo wa kutosha kukunja, hewa ikamuliwe, mdomo usokotwe, ukunjwe na kukazwa kwa kamba. Mfuko wa pili vivyo hivyo, peke yake, halafu gunia la nje. Wengi huifunga yote mitatu kwa kamba moja, hewa ikapenya. Wengine hujaza nusu, au hufungua kila siku kuteka kisahani cha ugali, na wadudu wakapumua upya. Familia inayokula kutoka gunia hilohilo heri itenge la kula na la kuhifadhi. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, panya wasilifikie.

Kuna jambo ambalo wanaoandaa mafunzo hulisahau. Kaya nyingi za Kilifi na Kwale huhifadhi mahindi na mabunzi yake darini, juu ya meko, moshi ukifukuza wadudu. Gunia jipya linataka mahindi yaliyopukuchuliwa, kwa kuwa bunzi hutoboa plastiki. Kwa hiyo kazi ya kupukuchua, ambayo ilikuwa ikifanywa kidogo kidogo mwaka mzima, sasa yote inaangukia wiki za mavuno, tena mikononi mwa akina mama. Ujumbe usiotaja mzigo huo haujakamilika. Na ukitumwa kwenye simu ya mzee wa nyumba peke yake, haumfikii mwenye kushika ufunguo wa ghala.

Ninaloomba kwa maafisa wa kilimo nyanjani na vituo vya redio ni hili: ujumbe wa kukausha utolewe mavuno yanapoanza, si wakati wa kupanda, na utolewe kwa Kidigo, Kiduruma na Kigiriama pia. Kila kijiji kijaze magunia mawili mbele ya watu, moja lisilopitisha hewa na moja la kawaida, mahindi yaliyopimwa kwa chumvi kwa zamu na waliohudhuria. Yawekwe nyumbani kwa mtu anayeaminika, yafunguliwe hadharani baada ya miezi mitano. Maonyesho ya kilimo ya Mkomani, hapa Mombasa, nayo yanafaa kwa kazi hii: pawekwe meza ya chupa na chumvi, kila mgeni apime kwa mkono wake kabla ya kuonyeshwa bei ya gunia.

Msomaji,
Likoni, Mombasa